Utepe Uliokufa Baridini

Mara ya tatu utepe ulikufa baridini, na mhandisi akahisi kichwa kinataka kupasuka. Si utepe wa kufungia zawadi, jamani. Ni plastiki nyembamba inayopindika, ndani yake mna vijistari vya metali ambavyo vikipoa kupita kiasi hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Ukiupima mezani, mzima. Uingize kwenye mtungi wa baridi, kimya. Na mtungi wenyewe hauna haraka na mtu: kuupoza kazi, kuupasha tena kazi.

Mkuu wa maabara alikwisha kusema, jaribio hili likifeli, kihisi, kile kifaa cha kupimia kinachotegemea utepe huu, alichokihangaikia mhandisi miaka yote hii kinapelekwa kwa timu nyingine. Naye abaki kukisoma magazetini kama watu wengine.

Alifungua mtungi, akauinua utepe kwenye mwanga. Penye kona palikuwa na mkunjo mkali, kama wa suruali iliyopigwa pasi. Alijua ni kazi ya nani. Wifi yake, fundi wa kufunga vifaa, ambaye mhandisi ndiye aliyemwombea kazi hapa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Wifi, njoo. Huu umeukunja wewe?"

"Ndiyo. Nimeubana kwa kucha ulale vizuri."

"Utepe huu unapindwa, haukunjwi. Ukiukunja, metali inaingia ufa. Mezani ufa hauonekani, utepe ukipoa ufa unafunguka na umeme unakatika. Mara tatu, wifi. Unataka niingie kaburini?"

Wifi alifuta mikono kwenye koti lake la kazi kabla ya kujibu.

"Wiki yangu ya kwanza niliuacha umejipinda wenyewe. Ukanisema mbele ya wageni. Ukasema kaka yangu kaoa mtu nadhifu kama wewe, sasa mimi nimetokea wapi na uchafu huu."

Mhandisi aliuweka utepe mezani. Alikumbuka vizuri. Wageni walicheka, naye akajiona mcheshi kwelikweli. Habari ya ufa hakuwahi kumwambia. Alidhani kila mtu anajua.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkuu, ameshayaona matokeo, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Kihisi kinaondoka leo. Nani kaharibu?"

Wifi alisimama palepale, kainamisha macho, akisubiri kutajwa.

"Ni mimi," mhandisi alisema, na hasira zikampanda upya, maana hakuwa akimsitiri mtu: kosa lilikuwa lake kweli.