Mpira Aliouacha Mashine

Walimpa jina la Mashine tangu msimu wake wa kwanza, na jina hilo ndilo lililomponza. Mtu akishaitwa mashine, nani atamwuliza kama amelala, kama amekula, kama goti linamuuma? Wanasikiliza tu kama bado anaunguruma. Basi kiungo huyu akaunguruma mwaka hadi mwaka, katikati ya uwanja, akikimbilia kila mpira kana kwamba kauzaa yeye. Makombe ya ubingwa yakajaa kwenye kabati la klabu. Nyumbani kwake zilijaa bandeji.

Msimu huu alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umehamia mifupani na kupanga chumba kabisa. Asubuhi alishuka kitandani kwa awamu: kwanza mguu mzima, kisha anasubiri, kisha ule wenye matatizo. Binti yake, aliyelelewa na bibi, alishaacha kuuliza mama atarudi lini. Kwenye simu aliuliza tu, "Mama, mnacheza na nani?"

Na bado klabu ilitaka aongeze msimu. Kocha alimpa mpaka mechi ya mwisho atoe jibu, ila aliuliza kama mtu ambaye jibu tayari analo mfukoni. "Mmoja tu, Mashine. Ukiondoka wewe, pale kati atasimama nani?" Mama yake naye akaimba wimbo uleule: "Vumilia, mwanangu. Mwaka si mwingi." Wote walimpenda, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Mara ngapi alitaka kusema hapana, neno likafika kooni likageuza njia!

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu kutwaa ubingwa. Mpaka dakika za lala salama walikuwa mbele kwa bao moja, na Mashine alikuwa akikimbia kwa mazoea tu, miguu ikienda yenyewe.

Sasa, asiyecheza mpira huenda hajui uzito wa neno "Acha!" Mwenzako aliye nyuma yako akiona yuko pazuri zaidi, anakupigia hiyo kelele, nawe unaupisha mpira bila hata kugeuka. Unamwamini. Ndiyo maana mpinzani akilitumia ni uhuni mtupu, na refa akimsikia anamlima kadi. Lakini wahuni hawakosekani.

Pasi ndefu ikaja. Mashine akajipanga kuikata. Nyuma yake sauti ikapaa: "Acha!"

Akaacha. Mpira ukampita ubavuni, ukamkuta mshambuliaji wa wapinzani ana kwa ana na kipa. Bao.

Refa hakusikia kitu. Wenzake Mashine wakamzonga refa, beki wa kati nusura ale kadi kwa kumtetea. Mashine hakulalamika. Alirudi mahali pake, wakazilinda dakika zilizobaki kwa jino na ukucha, kipenga kikalia, kombe likawa lao.

Katika chumba cha kubadilishia nguo palikuwa hapasikilizani kwa vifijo. Beki wa kati akaja kumshika bega. "Dada, usijisikie vibaya. Yule nyoka amekuzuga. Hata mimi ningeacha."

"Washenzi kabisa!" kipa akadakia. "Ngoja tukutane nao msimu ujao!"

Kocha akaingia akipiga makofi. "Ndiyo maneno hayo! Msimu ujao nahodha wetu anawalipizia. Au siyo, Mashine?"

Wote wakamgeukia. Huruma ile ilimwelemea kuliko goti. Angeweza kutabasamu tu, mambo yakaisha.

"Sikuzugwa," akasema.

"Unasemaje?" kocha akauliza.

"Sauti zenu nazijua zote, hata mtu akikohoa. Ile haikuwa yetu. Nilijua kabla mpira haujanifikia."

Kipa akacheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akauliza, "Sasa uliacha kwa nini?"

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia niache. Leo nimeambiwa, nikafurahi."

Beki wa kati akaondoa mkono wake begani pale. "Ungetukosesha ubingwa, dada."

"Najua. Nisameheni."

Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Aliona aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu palikuwa na nafuu ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Kocha akajikuna kichwa. "Mwenyekiti wa klabu yuko hapo nje na waandishi wa habari, anasubiri nimwambie unabaki. Nikamwambie nini mimi?"

"Kamwambie nimechoka."

Kocha hakuondoka. Alisimama mlangoni akingoja aseme "lakini". Mashine hakulisema.