Wacera Mdogo na Gari Lililojaa Mafuta

Siku mambo yaliharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka wa 2014, asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande. Mke wangu, Konstebo Wacera, alitumwa pamoja na mwenzake mmoja waende kiwanda cha kahawa kule chini mtoni, kwa sababu wezi walikuwa wamevunja stoo na wanapakia magunia kwa lori bila haya. Walienda na pikipiki ya kukodi. Walipofika, Wacera alipiga simu kituoni aongezewe watu. Akaambiwa watu wako, gari liko, lakini halina mafuta. Basi akasimama kwa geti na bunduki yake ili lori lisitoke. Lori halikutoka. Na yeye pia hakutoka.

Kituo chenyewe sikitaji. Wakubwa wa siku zile walishahamishwa na kupandishwa vyeo, na walioko sasa hawana makosa, isipokuwa yale mapya yao.

Mimi Nderitu nilisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini hata mtu wa darasa la nne anajua kwamba gari la serikali lina mafuta ya serikali, na kama hayako kwa tangi, basi yako mahali. Nimeuliza hilo swali kwa kila ofisi yenye mlango. Nimepewa kiti, nimepewa chai, nimepewa pole. Siku ya mazishi mkubwa mmoja alishika kipaza sauti akasema nyumba mpya ya kituo itaitwa Wacera. Nyumba ilijengwa. Jiwe la mlangoni lina jina la mkubwa aliyekata utepe. Na kila Oktoba wananipigia simu niende Nyeri kwa siku ya kuwakumbuka polisi waliokufa kazini, nikae mbele, nipewe ua na maji ya chupa. Sikuwa naenda. Niliona nitawaharibia chakula.

Sasa niseme ya furaha, maana mwaka huu furaha imenikuta bila kupiga hodi.

Mwisho wa Septemba nilikuwa shambani Gakindu, katikati ya mistari ya kahawa, mwanangu Muriithi akapiga simu kutoka Nyeri.

"Baba, ni msichana."

Nilikaa chini papo hapo juu ya majani makavu. Kwetu, msichana wa kwanza wa kijana wako anaitwa jina la mama ya huyo kijana. Hakuna kikao, hakuna kura, na babu anamwita bibi yake. Kwa hivyo Muriithi aliposema msichana, mimi nilisikia Wacera.

Dada yangu Watiri, ambaye tunapakana shamba, alitoka mpaka barabarani akapiga vigelegele mara tatu, ambayo ndiyo hesabu ya msichana. Vijana wa boda boda wakasimama kuuliza ni nani anaolewa.

"Hakuna anayeolewa," Watiri akawaambia. "Ni huyu ndugu yangu ameletewa bibi. Amekaa sana bila mtu wa kumgombeza, mpaka amesahau kuoga."

Mke wa Muriithi ni Roshni, binti ya Dinesh, Mhindi mwenye duka la rangi na misumari pale Nyeri. Muriithi alienda kufunga stima kwa hilo duka. Waya zikaisha, yeye akaendelea kurudi. Walipotaka kuoana kulikuwa na kelele huku na kelele kule, mwishowe kelele zikachoka, wakaoana.

Basi tukajipanga kwenda kuona mtoto. Watiri na kina mama wenzake walipika njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, sufuria kubwa ya kubebwa na watu wawili. Mimi nikachagua mbuzi, dume lililonona, tukakodi pikapu.

Mlangoni tulipokewa na Taraben, mama yake Dinesh, nyanya mwembamba wa sari nyeupe, ambaye anaongea Kikuyu kizuri kuliko cha mwanangu. Alitusalimia mmoja mmoja. Kisha akaangalia nyuma yangu.

"Na huyu naye ni nani?"

"Ni mbuzi wa mzazi, mama. Wa mchuzi."

Wenyeji wakaangalia mbuzi. Wale hawali nyama, hata yai hawali, na mimi nilijua, kwa sababu kwa arusi nilikula viazi mpaka jioni. Lakini mtu akiwa na furaha kichwa kinabaki nyumbani.

"Dinesh," Taraben akasema, "lete chapati."

Dinesh akaleta. Nyanya akamega, akampa mbuzi, mbuzi akatafuna akiwa amefunga macho kama mzee wa kanisa.

"Sasa amekula kwangu," Taraben akasema. "Ni mgeni. Mgeni hachinjwi."

Hivyo ndivyo mbuzi wangu alihamia Nyeri. Njahi lakini waliimaliza mpaka wakakwaruza sufuria.

Nilipewa mtoto nimshike. Alikuwa amekunja uso vile Wacera alikuwa anakunja akiona gari bovu. Hivyo ndivyo tulijuana, mimi na Wacera. Nilikuwa nasukuma mkokoteni wa kabeji pale Karatina, upande ambao si wangu, yeye, wakati huo askari wa barabarani, akapuliza filimbi, akanirudisha mpaka nilikotoka nianze upya. Nilirudi. Siku iliyofuata nikapita upande mbaya makusudi.

"Mnamwita nani?" nikauliza.

Wakaangaliana. "Bado, Baba Muriithi," Dinesh akasema. "Tunangoja Nyawira. Anakuja lini?"

Nyawira ni binti yangu, dada yake Muriithi. Naye ni polisi, kule Maralal. Nilimkataza. Aliniambia, "Baba, mama alikuwa na filimbi, wewe una domo. Nimechagua filimbi."

"Nyawira yuko kazini," nikasema.

"Lakini atakuja?" Taraben akauliza. "Bila yeye hakuna kitu."

Nilikunywa chai yangu nikaaga, na kwa pikapu nilimwambia Watiri, "Umesikia? Wanataka askari wa serikali aje awafulie nepi. Na jina wameficha. Hawataki jina la Wacera, wanaona haya kuniambia."

"Ngoja kwanza," Watiri akasema.

Sikungoja. Dinesh alipiga simu mara ya kwanza, akauliza habari ya Nyawira. Akapiga mara ya pili, Nyawira tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Mkwe wangu, Nyawira si yaya."

Nikasikia simu ikinyakuliwa.

"Wewe Nderitu," ilikuwa Taraben, "nani amesema yaya? Kwetu jina la mtoto halitoki kwa baba, halitoki kwa babu. Linatoka kwa shangazi, dada ya baba yake. Yeye ndiye anamwambia mtoto sikioni, halafu sisi wengine tunaambiwa. Sasa, mtoto ni wa Muriithi. Dada ya Muriithi ni nani?"

"Ni Nyawira."

"Basi unagombana na nani?"

"Mama, mimi nilikuwa nawangoja ninyi."

"Na sisi tunakungoja wewe. Mtoto amekuwa akiitwa Wewe tangu azaliwe. Ameanza kuitika."

Tulicheka, yeye Nyeri na mimi Gakindu, mpaka ng'ombe akaacha kula akaniangalia. Maana Nyawira akiulizwa jina atataja gani? Ni mtoto wa Wacera. Mila yao na yetu zilikuwa zimetoka pande tofauti za mlima na kufika kwa mlango mmoja.

Lakini Taraben hakuwa amemaliza. Siku njema ya mwisho ya kumpa mtoto jina, kwa kalenda yao, ilikuwa Jumamosi ile iliyokuwa inakuja. Dada ya baba akikosekana, mwanamke mwingine wa ukoo anasimama mahali pake, na anayesimama ndiye anayechagua jina. Shivani, binamu ya Roshni, alikuwa ameshaanza kuchagua.

Nikampigia Muriithi. "Kwa nini Nyawira haji?"

"Baba, ameomba likizo mara mbili. Wakubwa wake wamekataa. Alisema tusikwambie."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Unajua domo lako."

Hapo damu ilinichemka. Walichukua mama, sasa wameshika binti, na jina la Wacera ambalo walinyima jiwe lao, sasa wanalinyima hata mtoto. Nilikuwa bado nachemka hivyo wakati simu ya kila Oktoba ilipolia. Kamanda anakualika, mzee. Utakuja mwaka huu?

"Nitakuja," nikasema. Aliyepiga alishtuka akauliza tena.

Nilivaa koti langu la kanisa, nikatia mfukoni filimbi ya Wacera, nikaenda nikakaa mbele na wajane wengine. Wakubwa walisema hatutawasahau, wakarudia, wakaketi. Halafu nikapewa kipaza sauti niseme asante. Swali langu la siku zote lilifika mpaka kwa meno. Nikalimeza na maji yao ya chupa. Kwanza jina.

"Wakubwa," nikasema, "kila mwaka mnamkumbuka Wacera. Mimi niko na njia rahisi ya kumkumbuka. Binti yake yuko Maralal. Mpeni ruhusa Jumamosi."

Nikawaeleza yote, habari ya shangazi, habari ya njahi, habari ya mbuzi aliyekuwa mgeni. Wajane walianza kucheka kwanza, halafu askari, na kamanda mwenyewe akavua kofia akapangusa macho.

"Na akikosa hiyo Jumamosi, mzee?" kamanda akauliza.

"Mjukuu wangu atapewa jina na Shivani," nikasema, "na Wacera atakuwa amekufa mara ya pili. Na mara hii nitajua ni nani alikuwa na ruhusa akaikalia."

Hapo hawakucheka. Kamanda akaandika kitu kwa kiganja chake, kama mtoto wa shule.

Jumamosi boma la Dinesh lilijaa. Watu wa Gakindu upande mmoja, Wahindi upande mwingine, na kwa sababu viti vilikuwa vichache, pande hizo hazikudumu. Mbuzi alikuwa amevishwa shada la maua ya manjano, ameongeza uzito, na hakujifanya ananijua. Shivani alikuwa tayari na hina mikononi. Taraben aliangalia saa ya ukuta, akaniangalia mimi, akaangalia saa. Chakula kilianza kunukia. Dinesh alinijia pole pole.

"Baba Muriithi, saa yenyewe inapita."

"Ngoja kidogo."

"Tumengoja kidogo kutoka asubuhi."

Shivani akainuka, akatengeneza nguo yake. Ndipo honi ikalia getini. Landikruza ya polisi iliingia ikiwa nyekundu kwa vumbi, na Nyawira akaruka nje kabla haijasimama, na sare yake na buti zake. Kiti cha mbele alikuwa amekaa kamanda. Alikuwa ametuma gari likamchukue mpaka Maralal, halafu liliporudi Nyeri akaona apande aje mwenyewe, ati aone huyo mbuzi.

"Viatu," Taraben akasema.

Nyawira akavua buti. Soksi moja ilikuwa na shimo la kutosha kidole gumba.

"Serikali haiwapi soksi?" Watiri akauliza kwa sauti, na kamanda akaangalia mawingu.

Walitandaza kitambaa, watoto wanne wakashika pembe zake, wawili wa kwao na wawili wa kwetu, wakamlaza mtoto katikati na kumbembeza wakiimba. Nyawira akainama, akaweka mdomo kwa sikio la mtoto. Akakaa hapo muda.

"Unamwambia jina au hadithi?" Muriithi akauliza.

"Namsomea mashtaka," Nyawira akajibu bila kuinua kichwa. Halafu akasimama wima, vile wanasimama kwa gwaride, na machozi yakimshuka akasema, "Wacera."

Watiri alipiga vigelegele mara tatu, kina mama wa sari wakapiga makofi, mbuzi akalia, na Shivani ndiye alikuwa wa kwanza kumkumbatia Nyawira, hina ikabaki kwa sare.

Nilipewa mtoto. "Habari ya siku nyingi, bibi yangu," nikamwambia.

"Bibi mzuri hivi," Taraben akasema, "na bwana hana meno ya mbele."

"Atazoea. Yule wa kwanza pia alizoea."

Nilitoa filimbi nikamwekea kifuani. Akaishika na ile mikono ya watoto wachanga isiyojua inashika nini, wala hakuiachilia. Kamanda akaomba amshike kidogo, na mtoto akamlowesha kuanzia kifungo cha pili kwenda chini. Kwetu hiyo ni baraka. Nilimwambia hivyo, nikacheka, na sijui mara ya mwisho nilicheka na mkubwa wa polisi ilikuwa lini. Tulikula viazi. Tulikula vitu vitamu ambavyo sijui jina. Watiri alicheza na Dinesh mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Jioni nilimsindikiza kamanda kwa gari. Dereva aliwasha. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona ule mshale wa mafuta ukipanda, ukapanda, ukasimama juu kabisa.

"Umetoka Maralal na bado limejaa?" nikamuuliza dereva.

"Tulijaza Nanyuki, mzee. Kamanda alisema lisikwame njiani."

Nyuma yangu walikuwa wanaimba tena, wimbo wa kwao ukichanganyika na wa kwetu, na katikati nikasikia filimbi. Nyawira alikuwa anampulizia mtoto. Nikaweka mkono kwa mlango wa gari, pole pole, kwa sababu sikuwa na ugomvi na huyo mtu.

"Kamanda, nimekushukuru na nitakushukuru tena. Lakini Maralal ni mbali, na gari limeenda na kurudi. Kile kiwanda cha kahawa kilikuwa karibu na kituo hata risasi zilisikika mpaka kwa ofisi. Siku ile, mafuta ya gari yalikuwa kwa nani?"