Akashuka Paa

“Hivi wewe, Kiingereza chako ulikiokota wapi, chini ya cherehani?”

Ndivyo jirani alivyomwuliza mshonaji siku ilipotangazwa kanisani kwamba yeye ndiye atakayemtafsiria mhubiri mgeni. Jirani huyo mtaa mzima ulimwita Redio, maana hazimwi wala haishiwi betri.

“Kwa masista wa zahanati,” mshonaji akajibu, pini zikiwa mdomoni. “Niliwashonea mashuka miaka mingi, na neno la kwetu walilojua ni ‘asante’ tu. Ulitaka niwapigie miluzi?”

Redio alicheka. Lakini kwa mshonaji halikuwa jambo la kucheka. Tangu amzike mumewe, maneno yake ya kutwa yalikuwa kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kusimama mimbarini na kusema neno likasikika, hilo alikuwa ameliombea kwa magoti.

Basi siku ya kwanza ya mahubiri ikafika. Mhubiri alikuwa mama mzee, mfupi, sauti kama kengele. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Huyu anasema, huyu anapokea. Kisha mhubiri akaanza kusimulia dhoruba iliyowakuta wakisali. Akanyoosha mkono juu, akasema, “Down came…” halafu akanyamaza, mkono ukining’inia hewani.

Hiyo ndiyo tabia ya Kiingereza pale kinaponoga. Hutanguliza mwendo, mwenye kwenda akaachwa nyuma, na msikilizaji roho juu. Sasa Kiswahili hakianzi safari bila kumjua abiria. Mtu akashuka, jiwe likashuka, mvua ikashuka. Usipojua nani anashuka, mdomo utaufunguaje? Mshonaji akaona macho yote yanamkodolea. Kimya kikamla. Akadhani labda ni malaika, akajitosa:

“Akashuka…”

“The roof!” mhubiri akamaliza, akapiga kofi.

“…paa!” mshonaji naye akamaliza, kwani la kwanza lilikwisha kumponyoka.

Watu wakatazamana. Paa la nyumba huanguka likabomoka, lakini paa anayeshuka, huyo ana miguu minne na pembe. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, “Kwani huko juu alipandaje?” Kanisa zima likaangua kicheko. Watoto wa mbele wakaanza kurukaruka. Mhubiri, maskini, alidhani wameipenda dhoruba yake, akatabasamu.

Ibada ilipokwisha, wifi wa mshonaji alimngoja penye bomba la maji.

“Wifi, kaka yangu alikufa na heshima zake. Leo jina lake linaruka vichakani na paa! Nimemwambia mzee wa kanisa akutoe kabla hujatushushia na tembo.”

“Naye kasemaje?”

“Kasema anakupa kesho tu. Ukiteleza, unakaa chini, na hapo juu hupandi tena mpaka kiama.”

“Basi kesho bado ninayo.”

“Unayo kesho ya kuumbuka. Mimi nitakaa mbele kabisa, nisikose neno.”

Asubuhi mshonaji alisali, akakaa penye cherehani. Kitambaa kilikwenda upande, uzi ukakatika. Redio akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akavuta kigoda.

“Ya jana kwa fundi wa viatu umeyasikia? Hujayasikia. Tumekaa zetu na huyo bibi harusi wake mpya, mara mlangoni pakasimama…” Akaomba maji. Akanywa polepole, funda kwa funda.

“Nani?”

“Ngoja nimeze. Mlangoni pakasimama… halafu ndani mkaingia…”

“Nani, wewe mwanamke!”

“Mke wake wa kwanza! Na mabegi!”

Mguu wa mshonaji ukaganda juu ya kikanyagio. “Hebu rudia.”

“Mke wake wa…”

“Mke achana naye! Ule mlango. Umesemaje?”

“Pakasimama.”

“Na mtu mwenyewe ulikuwa hujamtaja.”

“Mlango si uko palepale? Mtu atakuja kwa wakati wake.”

Mshonaji akajaribu chini kwa chini. Mlangoni pakasimama mtu. Mlangoni pakasimama mbuzi. Mlangoni pakasimama gari. Hata pasimame nini! Ukianza na mahali, kitenzi hufuata mahali, na mwenye kuja achelewe atakavyo. Lugha ya mama yake ilikuwa na dawa miaka yote, na yeye anahangaika kama mwenye kutafuta miwani iliyo usoni.

“Redio, Mungu akuzidishie umbea.”

“Amina. Ila si umbea, ni habari.”

Alasiri kanisa lilifurika. Wapo waliokuja kwa ajili ya Neno, na wapo waliokuja kwa ajili ya paa. Wifi alikaa mbele, mkoba mapajani. Mhubiri akasimulia utoto wake: mama yake kitandani na homa, baba hayupo, na jirani wa ukuta kwa ukuta ndiye waliyekosana naye hata salamu zikakatwa. Mtoto akasikia hatua nje.

“Into the room came…” Mhubiri akanyamaza.

Mshonaji hakukimbia. “Chumbani mkaingia…” Naye akanyamaza.

Kilikuwa kimya kilekile cha jana, ila jana kilikuwa chake peke yake. Leo wamo wote. Benchi halikulia, mtoto hakukohoa. Kutoka nyuma mtu akashindwa kuvumilia: “Nani jamani?”

Mhubiri akataja. Mshonaji akapokea taratibu: “…adui yetu.”

Pumzi za watu zikatoka pamoja. Mhubiri akageuka, akamtazama vizuri mwanamke aliye ubavuni pake, na kuanzia hapo wakawa kama watu wawili wanaokunja shuka moja. Huyu akivuta, huyu analegeza, pembe kwa pembe. Kitandani pakainuka… mkono wa mgonjwa. Na kinywani mwa adui mkatoka… mhubiri akangoja, mshonaji akangoja, kisha sauti yake ikajaa hata ukutani:

“…jina la mama yangu.”

Lile jina lililokuwa limeapiwa halitatajwa tena! Kina mama wakainuka. Mtu akalia, mtu akapiga vigelegele, “Aleluya” ikapanda kama moto wa nyasi kavu. Mshonaji alisimama wima, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Mungu alikuwa amemrudishia kinywa.

Watu walipotawanyika, mzee wa kanisa akamshika mkono mbele ya wote. “Mama, kila mgeni atakayekuja, mimbari hii ni yako.” Kisha akamgeukia wifi. “Nawe, dada, uliomba tumtoe. Kama bado unalo neno, liseme hapa hapa, naye anasikia.”

Wifi akamtazama mke wa kaka yake kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akachukua mkoba, akatoka zake.