Alama ya Kidole

Balbu ya tatu ya taa ya mbele ilipoungua, dereva wa teksi alimtolea uvivu shemeji yake, mwenye duka la vipuri, mbele ya wateja: "Unaniuzia feki, mwizi mkubwa wewe!"

Ya nne aliinunua kwingine, akaifunga mwenyewe. Nayo ikaungua. Fundi umeme aliichomoa, akamwonyesha alama ya kidole chenye grisi kwenye kioo. "Ukiigusa hapa, haidumu. Hukuambiwa?"

Aliambiwa, tena na shemeji huyohuyo, kila mara. Naye akijibu, "Usinifundishe kazi."

Alirudi dukani kuomba msamaha, akaishia kuomba balbu. Shemeji alimfungia balbu kwenye kitambaa safi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu tena, mteja."