Paipu za Turbo ya Obwocha

Jethro alikuwa amelala chini ya pikapu ya Obwocha, kwenye gereji moja ya Kebirigo, akifunga paipu za maji za turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Turbo ya zamani ilipozwa kwa oili pekee, ikaungua. Hii nyingine ilitaka na maji: paipu ya kuyaleta kutoka kwenye injini, na ya kuyarudisha kwenye rejeta, ikipanda ili mvuke usikwame.

Alipofungua bolti ya kumwagia maji, ikatoka damu.

Ilikuwa vuguvugu, ingawa gari lilizimwa tangu asubuhi. Jethro akasukuma beseni chini yake. Lilipojaa akaleta jingine.

"Gari lako lina damu, mzee."

Obwocha alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akila ndizi. "Tangu Agosti. Nilimwaga nikaweka maji, ikarudi. Wewe unganisha tu."

Agosti ndipo Nyakerario, mama yake Jethro, alipouawa kule Nyacheki. Walimwita mchawi. Walimburuta kwa miguu hadi kwenye shamba lake la chai, wakamkata kwa panga, wakamchoma angali anapumua. Petroli ililetwa na Obwocha, jirani yake, kwa pikapu hii hii, na chai ile sasa huichuma yeye. Polisi walisema wauaji hawakujulikana. Jethro aliwajua, kama wote walivyowajua, lakini gereji haikuwa yake na hakuchagua wateja.

Akainamia beseni. Damu ilinuka moshi wa kuni na sabuni ya kipande, kama kitambaa cha mama cha kichwani.

Alitoka na spana, akamchapa Obwocha usoni. Jino likaruka. Akampiga tena hadi shavu likapasuka. Halikutoka hata tone la damu. Yalitoka maji ya kijani, yale ya rejeta, yakamlowesha shati.

"Unajichosha," Obwocha alisema, akijipangusa.

Nyangau, mwana wa Obwocha aliyekuja naye, alimkaba Jethro kutoka nyuma, akamwekea mkono wa kushoto kwenye ukingo wa injini, akaangusha boneti. Vidole vikavunjika. Akaiinua, akaiangusha tena.

Celestine, mwenye gereji, alifika na kitambaa. Alimfunga Jethro vidole, akatazama maji ya kijani sakafuni, akamwaga vumbi la mbao juu yake watu wasiteleze.

"Maliza kazi, ndugu yangu," akasema polepole.

Jethro alimaliza kwa mkono mmoja. Alibadilisha washa za shaba za kuzuia uvujaji, akabana klipu za mipira. Yalibaki mabeseni ya damu.

"Niachie hii nikaizike," alimwambia Obwocha. "Hatukupata cha kuzika ila majivu."

"Na gari litaenda na nini?"

Kulikuwa na mtaro wa oili chafu karibu. Jethro aliutazama. Hakuweza kummwaga mama yake humo. Akairudisha damu kwenye rejeta kidogo kidogo, akipangusa faneli kwa kiganja ili isipotee.

Injini iliwaka. Turbo ilipiga mluzi laini, mshale wa joto ukatulia katikati. Obwocha akaondoka kuwahi chai yake Nyacheki, shavu limefungwa kwa leso.

Celestine akaita gari lililofuata. Mwenye gari hilo alitoka Nyacheki pia, na kabla hajaulizwa lolote alisema lake nalo halina maji tangu Agosti.