Shuka Jeupe la Bi Masuda

Mwisho wa Oktoba nyumba ya Mawadda, kule Bur Dubai, ilijaa majani ya karatasi. Yalikuwa ya rangi ya chungwa, mekundu na ya hudhurungi, yamebandikwa kwenye vioo vya madirisha, na nje ya vioo hivyo jua la alasiri liliwaka kama kawaida yake. Aliyeyakata ni Rukiya, binti wa Mawadda, mtoto wa miaka minane, akisaidiwa na Fortunate, dada wa kazi kutoka Uganda. Fortunate alikuwa na mikono myepesi. Mifuko myeusi ya taka aliigeuza popo, akawaning'iniza mlangoni kwa uzi, na kila mlango ulipofunguliwa popo wale walitikisika kama wanataka kuingia.

Bi Masuda, mama yake Mawadda, aliyatazama yote hayo kutoka kitini kwake. Alizaliwa Unguja, akaja Dubai akiwa mwari, na mji huu ulikuwa umebadilika mbele ya macho yake mara nyingi hata akaacha kushangaa.

"Ndiyo nini majani haya?" aliuliza.

"Ni vuli, bibi," Rukiya alijibu. "Mwalimu kasema wakati wa vuli majani yanapukutika."

"Vuli ni mvua. Vuli ikinyesha watu hupanda. Sikuona mie jani likipukutika."

"Vuli ya Ulaya, mama," Mawadda alisema, akivua viatu vya kazini.

"Aa. Ya Ulaya."

Jengo zima lilikuwa likijiandaa kwa Halowini. Jioni ya siku yenyewe watoto wangepita mlango kwa mlango wamevaa mavazi ya kutisha, na kila nyumba ingewapa peremende. Thuwein, kaka yake Bi Masuda, alisema kwenye simu kwamba mambo hayo si yetu. Bi Masuda alimwitikia, akasema kweli si yetu, na lau si lile boga angebaki kitini.

Mawadda alileta boga kubwa, na Fortunate akakaa nalo sakafuni, akalikata juu, akalikwangua ndani ili alichonge macho na meno. Nyama ya boga, minofu minene ya manjano, aliitia kwenye mfuko wa taka. Bi Masuda akasimama.

"Unatupa boga?"

"Bibi, madam anataka sura tu."

"Sura na ibaki. Boga lenyewe nipe."

Alilipika kwa tui zito, sukari na iliki, na nyumba ikanukia. Rukiya alikula bakuli mbili, kisha akasema wawape na watoto watakaokuja kugonga mlango. Bi Masuda alisema watoto waliozoea chokoleti hawatalijua boga la nazi. Kesho yake, hata hivyo, alimwagiza Fortunate tui jingine na vikombe vidogo vya karatasi.

Ilibaki nguo ya Rukiya. Alitaka kuwa kizuka. Bi Masuda alicheka mpaka akafuta macho.

"Kizuka nilikaa mie, nikakaa eda, alipokufa babu yako. Ndani, kimya, sioni mtu. Nawe utakuwa kizuka wa kupiga hodi?"

"Kizuka cheupe, bibi. Cha kutisha."

"Haya. Mama yako atakutafutia nguo."

Siku yenyewe Bi Masuda alikwenda Al Rigga kumjulia hali wifi yake aliyepasuliwa goti. Alirudi baada ya Magharibi. Alipobonyeza kengele, mlango ulifunguliwa kwa kishindo na kitu cheupe kikamrukia.

"Huuuu!"

Alirudi nyuma hatua, mkono kifuani. Kile kitu kikacheka kwa sauti ya Rukiya. Na hapo, kabla hajacheka naye, alinusa harufu ya kafuri.

Aliangalia chini. Kwenye pindo la nguo palikuwa na mshono mdogo wa uzi wa kijani, aliouweka yeye mwenyewe ili asiichanganye na mashuka ya kulalia. Juu, mahali pa macho ya mtoto, nguo ilikuwa imetobolewa matundu mawili ya mviringo, yamekatwa vizuri kwa mkasi mkali.

"Nimekutisha, bibi?"

"Umenitisha," alisema Bi Masuda.

Ile ilikuwa sanda yake. Aliinunua Makka mwaka waliohiji yeye na mumewe, wakaifua kwa maji ya Zamzam, wakaianika juu ya paa la nyumba waliyofikia. Walikata jora moja, nusu yake, nusu ya mumewe. Mumewe alishazikwa katika nusu yake, kwenye makaburi ya hapa hapa Dubai. Nusu ya Bi Masuda ilikaa kabatini, vipande vitano vya mwanamke, pamoja na pamba na kafuri, ndani ya mfuko. Kila mwaka kabla ya Ramadhani aliitoa, akaipunga hewa, akaikunja tena. Kuiona hakukumsumbua akili hata siku moja. Alikuwa kama mtu mwenye tiketi mkononi.

Fortunate alikuwa nyuma ya mtoto, ameshika kikapu cha peremende, anatabasamu.

Bi Masuda angeweza kumvua Rukiya pale pale. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Alimtazama mtoto akirukaruka, akaona akimvua itabidi amwambie, na akimwambia, mtoto atajua kuwa amevalia kifo cha bibi yake. Akasema tu:

"Inua nguo, usijikwae."

Kisha akaongeza: "Ningojeni. Nakuja nanyi."

Kwa hivyo Bi Masuda, ambaye tangu afiwe hakuwa akipanda ghorofa za juu kumtembelea mtu, alizunguka jengo lote nyuma ya sanda yake. Alitembea polepole ndani ya buibui lake, macho kwenye pindo. Walipogonga kwa Wafilipino wa ghorofa ya nne, mama wa nyumba alipiga yowe la mzaha na kumjaza Rukiya chokoleti, kisha akampa na Bi Masuda moja, akamfunga vidole juu yake. Kwa daktari Mhindi kulikuwa na utando wa buibui wa pamba mlango mzima. Mlango mwingine mzee Mmisri aliyeishi peke yake alitoka amefunika sura kwa kinyago cha karatasi alichokitengeneza kwa mkono, akakuta Rukiya anamcheka badala ya kumwogopa, akacheka naye.

Ghorofa ya mwisho walikuwa wamepanga vikombe vya sharubati nyekundu, wakaiita damu. Rukiya alikunywa bila ya kuinua nguo sawasawa. Doa lilishuka kutoka kidevuni hadi kifuani.

Ndani ya lifti Bi Masuda aliuliza kwa sauti ya chini, "Fortunate, nguo hii uliitoa wapi?"

"Kabati lako, Bibi. Madam alipiga simu, akasema kuna shuka jeupe kwa mfuko."

"Na harufu yake?"

"Nilifikiri ni ya kufukuza wadudu."

Bi Masuda alifahamu. Mifuko ilikuwa miwili kabatini, mmoja juu ya mwingine. Mashuka ya zamani yalikuwa kwenye ule wa chini.

Mawadda alikuwa amerudi kutoka kazini, yuko jikoni anapanga vikombe vya boga. Aligeuka kumtazama binti yake, akatabasamu, na tabasamu likaganda. Alikamata pindo, akauona uzi wa kijani.

"Fortunate! Umefanya nini wewe?"

"Madam?"

"Hii ni sanda! Sanda ya mama yangu! Umemvalisha mtoto sanda!"

"Mawadda," alisema Bi Masuda.

"Khalas, mama, niache. Huyu kesho anarudi ofisini kwa wakala wake. Khalas!"

Fortunate alipiga magoti sakafuni, kama wafanyavyo kwao mbele ya mkubwa, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Lakini aliyelia kwanza ni Rukiya. Alikuwa ameivua nguo kwa kuivuta juu ya kichwa, ikamnasa shingoni, na alipojinasua aliitupa mbali.

"Sanda ni ya mtu aliyekufa. Bibi, unakufa?"

Mlangoni kengele ililia, watoto wengine wamefika, na hakuna aliyekwenda kufungua.

Bi Masuda alikaa kitini. Alikuwa amechoka, miguu inamuuma.

"Nitakufa," alisema. "Watu wote hufa, mwanangu. Lakini si mgonjwa mie, wala sijaitwa. Nilinunua nguo mapema kwa sababu ndiyo desturi yetu. Umesikia?"

Rukiya alitikisa kichwa kuitikia, lakini hakusogea karibu.

"Nawe, Mawadda. Ulimwambia achukue nini?"

"Shuka jeupe la zamani. Kwenye mfuko."

"Amechukua jeupe. La zamani. Kwenye mfuko." "Inuka, Fortunate. Kafungue mlango, watoto wanangoja. Wape boga."

Fortunate aliinuka, akafuta uso kwa kiganja, akaenda. Watoto watatu walisimama mlangoni, wamejichora nyuso, wakaangalia vikombe vile kwa mashaka. Mmoja alionja. Kisha akaomba kingine.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi. Fortunate aliifua ile nguo kwa maji baridi, kwa chumvi, kwa ndimu, na doa likabaki limefifia tu. Mawadda aliomba radhi kwa mama yake, na kwa Fortunate aliomba kwa namna yake, kwa kumwambia alale mapema. Thuwein alisema kwenye simu kwamba sanda ni nguo safi yoyote, iwe ya Makka au ya dukani, maiti havai baraka ya kitambaa, bali amali zake. Bi Masuda alijua hayo. Hakumwambia kaka yake habari ya jora moja na nusu mbili. Alimwambia Fortunate, siku moja wakipepeta mchele, kwa maneno machache, na Fortunate akasikiliza bila ya kusema pole, kwa kuwa alikuwa ameshaisema mara nyingi.

Kilichomuuma Bi Masuda zaidi ni Rukiya. Mtoto hakuingia tena chumbani kwake. Alisimama mlangoni, akasema alilotumwa kusema, akaondoka. Chakula kikiwa tayari alimwita kwa mbali. Usiku, alisema Mawadda, aliuliza kama bibi amelala au vipi.

Jumamosi asubuhi Bi Masuda alivaa buibui lake mapema.

"Rukiya, vaa viatu. Twende dukani."

"Kununua nini?"

"Kipande kimoja. Vinne ninavyo, kimoja kimetoboka."

Rukiya alimtazama mama yake, kisha bibi yake, kisha akaenda kutafuta viatu.

Maduka ya vitambaa hayakuwa mbali. Muuzaji, Mhindi mtu mzima, aliwatandazia majora meupe juu ya meza, akauliza kama ni ya harusi au ya shule. Bi Masuda alimwambia ni ya nini. Yule mtu aliinamisha kichwa, akaondoa yale yanayong'aa.

Rukiya alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Kisha akasogea, akagusa jora la kwanza kwa kidole.

"Lazima liwe jeupe?"

"Jeupe ndiyo vizuri."

"Hili linakwaruza," alisema Rukiya. Aligusa la pili, akalisugua shavuni, mbele ya muuzaji, bila ya haya. "Utasikia joto?"

"Sitasikia."

"Baridi?"

"Sidhani."

Mtoto alifikiri. Aligusa la tatu, akaligusa tena, akalivuta karibu na bibi yake ili naye aliguse.

"Hili laini," alisema.

Bi Masuda alilishika. Lilikuwa pamba tupu, zito kidogo kuliko lile la Makka, na kweli lilikuwa laini. Alimwashiria muuzaji apime, na Rukiya akashika ncha ya kitambaa ili kisiguse sakafu.