Epiphanie Alivyoukataa Mshumaa

Epiphanie, mjane wa Kirundi, alikuwa fundi cherehani mwenye duka mtaa wa Rosettenville, ugenini kusini mwa Afrika. Alianza na mashine moja. Kufikia mwaka 2011 alikuwa nazo tatu. Mwaka huo ndipo sikio lake la kushoto lilipoziba, na mwezi haukuisha la kulia likafuata. Watu wakawa kama wanasema naye wakiwa ng'ambo ya ukuta.

Siku moja bibi harusi alitaja urefu wa sabini, Epiphanie akasikia sitini, akakata. Kitambaa kikaharibika. Octave, mdogo wa marehemu mumewe, akapata la kusema, maana siku nyingi alikuwa akilimezea mate duka lile.

"Shemeji, uzee umebisha hodi," alipaza sauti mbele ya wateja. "Niachie ufunguo, ukapumzike."

"Nina miaka hamsini na miwili, Octave. Sijachoka."

Angélique wa saluni ya jirani akamletea mshumaa mrefu wenye tundu. Unachomekwa sikioni, akaeleza, unawashwa, na moto unavuta uchafu wote.

"Moto sikioni mwangu? Peleka huko!"

Kesho yake Epiphanie alipanga foleni kliniki. Karani alizungumza bila kuinua uso, kisha akafoka, "Eish, mama! Nimekuuliza mara tatu. Nenda, urudi na mtu wa kukusemea."

Epiphanie akavuta kiti, akakaa mbele ya dirisha lake. "Nimekuja kwa sababu sisikii," alisema kwa Kizulu chake cha sokoni. "Sitoki hapa. Andika swali lako, nitalisoma."

Foleni nzima ikacheka. Karani akaandika.

Muuguzi alikuwa Masika, Mkongomani wa Butembo. Alimulika sikio moja, kisha la pili, akamwinamia na kusema kwa sauti kubwa. "Mama, hujawa kiziwi. Ni nta. Unatumia vijiti vya pamba?"

"Kila asubuhi."

"Ndivyo vinavyoisukuma ndani na kuishindilia. Acha. Tia matone haya siku tano ilainike, kisha urudi. Usichokonoe."

Aliporudi, Masika alihakikisha kwanza kwamba ngoma za masikio hazina tundu. Kisha akaingiza maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, taratibu, akisimama kila Epiphanie aliposhika ukingo wa kiti kwa kizunguzungu. Kikatoka kidonge cheusi, kigumu kama kokwa ya ukwaju. Halafu cha pili. Epiphanie akasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Akasikia pumzi yake mwenyewe, akalia.

Dukani alimkuta Octave kwenye kiti chake, akizungumza na mgeni kwa sauti ya chini. "Njoo Ijumaa uzichukue mashine mbili. Shemeji hata ukimwibia mbele yake, hasikii kitu."

"Sauti yako ni nzuri, Octave," Epiphanie alisema mlangoni. "Rudia hayo maneno, na mgeni wako asikie nikikujibu."

Mgeni akaondoka bila kuaga. Octave akaanza kueleza jambo juu ya familia.

"Toka kwenye kiti changu."

Akatoka. Tangu siku hiyo alipopita kumsalimu shemeji yake, aliishia kizingitini.